Engkala ya Gati na Engkala ya Nyanggau

Agosti 3

Bi Ling wa ofisi ya misitu ameondoka asubuhi na gari lake lililojaa matope. Ameniachia daftari hili, kalamu mbili na kioo cha kukuzia cha kuning'iniza shingoni. Kazi yangu ni kuitazama kila juma miti miwili ya engkala iliyo hapa nyumbani, niandike imechipua nini, imepukutisha nini, na wadudu gani wameitembelea. Amenichagua mimi kwa sababu niliwahi kufundisha darasa la pili miaka sita na mwandiko wangu unasomeka. Mama mkwe aliposikia alisema, "Haya, sasa tutakula mwandiko."

Nianze kama nilivyofundishwa. Mti wa kwanza tunauita engkala ya gati, kwa kuwa umesimama ukingoni mwa mto pale tunapofunga mashua. Aliupanda marehemu baba mkwe, Unggang, akiwa mtoto. Una kimo cha mita kumi na nane hivi, na ganda lake ni la kijivu. Jani lake ni refu kuliko mkono wangu kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, na ukilifikicha linanukia. Bi Ling anasema ukoo wake ni mmoja na mdalasini na parachichi. Kila mwaka mpya unazaa hadi matawi yanainama.

Mti wa pili ni wa Babu Nyanggau wa mlango wa tisa katika nyumba yetu hii ndefu, ambayo kila mlango ni familia moja na baraza ni la wote. Uko ubavuni mwa jukwaa tunapoanika mpunga. Yeye na Unggang walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakapanda miti yao siku moja, mbegu za kichala kimoja. Huo wa Nyanggau haujawahi kuzaa hata tunda moja. Watu wanauita tasa.

Daftari lina kurasa mia mbili. Miti miwili haiwezi kuzijaza, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Agosti 9

Hakuna jipya mitini. Mama mkwe kasema wali wangu una mchanga. Haukuwa na mchanga.

Agosti 17

Miti yote miwili imetoa maua. Ni madogo, ya manjano iliyofifia, yamejibana kwenye vifundo kando ya vijitawi, na asiyeyatafuta hayaoni. Nilitumia asubuhi nzima na kioo changu. Vijinzi vidogo na nyuki wasiouma walikuwa wamejaa, hasa kwenye mti wa Babu Nyanggau. Chini yake palikuwa na mvumo kama wa watu wanaosali.

Nimeona jambo. Ua la engkala ya gati lina kishanga cha kijani katikati. Ua la mti wa Nyanggau halina kishanga. Lina nyuzi tupu, na kila uzi una vifuko kichwani ambavyo hufunguka kama vijidirisha, kifuniko kikiinuka juu, na ndani mna vumbi la manjano. Nimechora yote mawili. Nimekausha maua kati ya magazeti, na kesho dereva wa pikapu atampelekea Bi Ling.

Mama mkwe alisimama nyuma yangu na fagio. "Unaona nini humo?"

"Maua ni tofauti, Mama."

"Tofauti ni kwamba ule wangu una kazi, na huu kazi yake ni kuniangushia majani kwenye mpunga. Mti na mwenyewe wamefanana."

Alisema kwa sauti ya kufika mlango wa tisa. Babu Nyanggau alikuwa kwenye baraza, akisuka kapu la henzirani, na hakuinua kichwa. Hawajasemezana tangu mwaka aliofariki baba mkwe. Ni miaka kumi na tisa wanaishi chini ya paa moja, milango sita kati yao, na wakipishana kwenye ngazi kila mmoja hutazama miguu yake. Kosa la Nyanggau ni kwamba hakuja kumzika rafiki yake. Nami kwa kweli simlaumu Mama mkwe kwa hilo. Mzee yule ni mkavu, na salamu yake ni kukohoa.

Agosti 24

Jioni mkuu wetu wa nyumba, Baba Jelia, alituita sote barazani. Tangu barabara ifike, magari ya vijana wanaorudi kutoka mjini yanalala kwenye matope. Panatakiwa maegesho, na mahali penye ardhi ngumu ni hapo tu, ubavuni mwa jukwaa.

"Ila pana mti wa watu," alisema Baba Jelia, akimtazama Nyanggau. "Mwenyewe akikataa, tutatafuta pengine."

Ndipo Mama mkwe akasimama. Ana miaka sabini na minane, na akisimama barazani hata kuku hunyamaza. Alimgeukia Nyanggau, akamtazama usoni kabisa.

"Nyanggau," alisema. "Ukate. Umeniangushia majani ya kutosha."

Nilimwona yule mzee akifungua mdomo na kuufunga. Kisha akakohoa. "Kateni," akasema.

Baba Jelia aliuliza mara mbili kama ana hakika. Alijibu, "Nimesema kateni. Au masikio yenu yamekatwa kwanza?" Watu wakacheka, pombe ya mchele ikazungushwa.

Septemba 2

Wameuangusha leo asubuhi kwa msumeno wa injini. Maua yalikuwa yamekwisha kupukutika, chini pamekuwa kama pamemwagwa pumba. Mti ulichukua dakika chache tu. Mbao zake ni za manjano, na harufu ilifika hadi jikoni, ile ya jani lakini nzito zaidi. Nilipima kisiki, nikaandika.

Babu Nyanggau alikaa kwenye gogo mpaka jua likawa kali. Vijana walimuuliza anataka mbao kiasi gani. Akasema hataki. Mama mkwe alianika mpunga wake tangu mapema, akawa anaimba. Ilikuwa miezi sijamsikia akiimba, na ana sauti nzuri.

Septemba 14

Tunapanda mpunga mlimani. Mgongo. Hakuna nguvu za kuandika.

Septemba 21

Engkala ya gati ina matunda! Ni vijikombe vya kijani, na ndani ya kila kimoja kichwa kidogo kama cha kiberiti. Nilimwonyesha Mama mkwe kwa kioo. Alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba, akasema, "Unggang angependa hiki kidude." Kisha akakificha kioo kifuani mwake na sikukipata mpaka jioni.

Oktoba 5

Pikapu imeleta barua ya Bi Ling. Alikuwa kikazi mbali na ndiyo kwanza amefungua magazeti yangu. Ninainakili hapa, maana naisoma nikiwa sijui nifanye nini.

"Bi Remai, umefanya kazi ya kitaalamu. Ulichokiona ndicho hasa tulichokuwa tunakitafuta. Engkala ni kama watu, kuna jike na kuna dume, kila mmoja mti wake. Kile kishanga cha kijani ni tumbo la tunda, kwa hiyo engkala ya gati ni jike. Mti wa Mzee Nyanggau si tasa. Ni dume, na lile vumbi ni chavua yake. Bila dume karibu, jike hutoa maua kila mwaka na asishike hata tunda moja. Tafadhali waambie wenzako wautunze sana, kwa sababu katika safari zangu pande hizo za mto sikuona dume mwingine."

Nilikwenda kukaa kwenye kisiki. Pikapu mbili zilikuwa zimeegeshwa pale.

Niliona kwa macho yangu, nikachora kwa mkono wangu, nikasimama barazani siku ya kikao nikanyamaza. Matunda yaliyoko mtini ni ya maua yaliyowahi. Mwakani hakuna.

Oktoba 6

Sijamwambia. Alinikaribisha chai mwenyewe leo, na kuniuliza kama vile vidude vimekua. Nikasema vimekua.

Oktoba 8

Nimeshindwa kukaa na jambo hili peke yangu, nimekwenda mlango wa tisa. Sikuwahi kuingia mle tangu niolewe. Ni chumba safi kuliko chetu. Babu Nyanggau alinikunjulia mkeka, akanikatia ndizi, akaisikiliza barua yote bila kukohoa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Babu?"

"Kwamba ni dume. Mama yangu aliniambia nikiwa nimefika begani kwake. Nikamwambia Unggang. Tulicheka siku nzima. Tangu hapo kila nikipita akawa ananiambia, 'Wangu unazaa, wako unapiga soga.'"

"Na wakakuita mwenye mti tasa miaka yote hii, ukanyamaza? Na siku ile ukasema ukatwe? Babu, matunda yale tunakula nyumba nzima!"

"Msituni labda yuko mwingine. Nyuki huenda mbali."

"Labda!"

Alimenya ndizi ambayo hakuila. "Wewe mtoto, hesabu. Miaka kumi na tisa. Nimemsalimu mlangoni, nimemsalimu shambani, nimempelekea nyama ya nguruwe mwitu, akawapa mbwa. Siku ile alisimama mbele ya watu akaniangalia, akaniita jina langu. Neno la kwanza. Na neno lenyewe ni ombi. Ningesema hapana?"

"Ungesema ni dume!"

"Ningemwaibisha mbele ya watu wote, baada ya yeye kuutukana mti miaka yote ile."

"Huo ni ujinga, Babu."

"Ni ujinga," alikubali. "Usimwambie."

Nimetoka nikiwa na hasira naye, na nusu ya hasira ilikwisha kabla sijafika mlangoni kwetu.

Oktoba 20

Matunda sasa ni kama gololi. Sijamwambia.

Novemba 12

Mvua kila siku. Tunapalilia tukiwa tumelowa. Mama mkwe ameanza kugawa kwa mdomo matunda ambayo hayajaiva. Kapu moja la Baba Jelia, kapu moja la mwalimu wa shule, kapu la mwanawe Belayong, mume wangu, akirudi likizo kutoka mji wa Miri anakochomelea vyuma. "Na mwakani," anasema, "nitaanza kuyapeleka sokoni, kwa kuwa barabara ipo." Kila akisema mwakani nageukia sufuria.

Nimeona pia kwamba anapogawa, kila mara hufika mlango wa nane, akaruka, akaendelea na wa kumi.

Desemba 11

Mto umepanda hadi ngazi ya nne.

Desemba 13

Naandika nikiwa na blanketi, vidole bado havijapata joto.

Asubuhi mto ulikuwa umefika shina la engkala ya gati. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba magogo, na kila gogo linapopiga ukingo kipande cha udongo kinaondoka. Mizizi upande wa chini ilikuwa imeanza kuonekana, inaning'inia kama kamba. Wanaume wengi walikuwa shambani tangu jana, njia imefungwa na maji. Mimi na Mama mkwe tulikuwa dirishani. Alikuwa ameushika mkono wangu bila kujua.

Ndipo tukamwona mtu chini, maji kiunoni. Babu Nyanggau. Mzee wa karibu miaka themanini, amejifunga kamba ya henzirani tumboni, mwisho wake ameufunga kwenye nguzo ya ngazi, anagongomea vigingi vya mti-chuma, mbao ngumu isiyooza, mbele ya mizizi. Kwa nyundo kubwa. Anapiga mara mbili, anapumzika, anapiga mara mbili.

"Anafanya nini kwenye mti wangu?" alisema Mama mkwe.

"Anauokoa, Mama."

"Kwa nini? Yeye wake si ameukata?"

Basi nikamwambia. Sikupanga nianzie wapi. Nilimwambia dume na jike, kishanga na vumbi, barua, mwakani hakuna, na kwamba Nyanggau alijua. Nilimwambia na lile la neno la kwanza, ingawa nilikatazwa. Nililia pia, maana nilikuwa nimekaa nalo miezi miwili.

Hakunigombeza. Aliachia mkono wangu. Akashika kikapu chake cha plastiki kichwani kama kofia, akatoka kwenye mvua, akashuka ngazi hadi maji yakamgusa vifundo.

"Nyanggau!" Sauti ile ile ya barazani. "Toka majini, mzee mpumbavu wewe! Unataka nikuzike na wewe?"

Mzee alisimama na nyundo juu. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni, lakini nina hakika alicheka. "Hiyo ni mara ya pili!" alipiga kelele.

"Toka!"

"Vimebaki vigingi vitatu!"

"Basi vigongomee upesi! Remai, umesimama kama mlingoti, nenda kamshikie!"

Nikaenda. Maji yalikuwa ya baridi na yana nguvu, yakanipiga mapajani hadi nikakamata shina kwa mikono miwili. Nilishikilia kigingi, yeye akagonga. Kila pigo lilinifika menoni. Mke wa Baba Jelia na wanawake wengine wanne walishuka na magunia ya mchanga, tukayapanga nyuma ya vigingi. Mama mkwe, akiwa pale ngazini, aliamuru kila mtu, hata Mungu nadhani. Saa nane mchana maji yalisimama. Saa kumi yalikuwa yameshuka unene wa kidole. Mti umeinama kidogo kuelekea mtoni, lakini umesimama.

Tulipomtoa Babu Nyanggau midomo yake ilikuwa ya bluu. Mama mkwe alimtupia blanketi lake mwenyewe, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Desemba 15

Mama mkwe hasemi na mtu. Anatazama mto.

Desemba 16

Bado. Nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Alisema, "Na wewe? Wewe umenionea huruma miezi miwili. Hiyo ndiyo inayonikera." Baadaye akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, kile cha tumboni.

Desemba 24

Belayong amefika. Babu Nyanggau ana kikohozi cha kweli safari hii. Mama mkwe kanituma mlango wa tisa na supu ya tangawizi, akaniambia niseme imetoka kwangu. Nilisema imetoka kwangu. Babu akaonja, akasema, "Remai, tangu lini wewe unapika vizuri hivi?"

Januari 4

Yameiva. Yamekuwa waridi yote, mengine yanakaribia wekundu, kila moja limekaa kwenye kikombe chake cha kijani. Belayong alipanda, mimi nikapokea kwa wavu, maana tunda likianguka linavilia na kesho yake limeoza.

Mama mkwe alichagua mwenyewe ya kwanza. Aliyatia kwenye maji moto, si ya kuchemka, yenye chumvi, akasubiri mpaka yakalainika chini ya kidole. Akabeba bakuli, akapita barazani mbele ya milango yote. Mlango wa tatu mtu aliacha kusuka. Mlango wa tano mtu aliita wenzake. Mimi nilifuata na chumvi, kwa sababu aliisahau makusudi ili niwe na sababu ya kumfuata. Namjua sasa.

Alikaa kwenye mkeka wa Babu Nyanggau bila kukaribishwa, akaweka bakuli katikati.

"Hukuja kumzika," alisema.

"Nilikuwa Brunei nakata magogo. Habari ilinifikia baada ya siku kumi na moja. Nilirudi, nikabisha kwako. Hukufungua."

"Ungebisha tena."

"Nilibisha mara tatu, Sulau."

"Ungebisha ya nne."

"Ningebisha ya nne," alisema Babu.

Mama mkwe alibonyeza tunda moja, nyama nyeupe ikatoka laini, akaichovya kwenye chumvi, akampa. Babu alikula akiwa amefumba macho. Nilitoka nje hapo, na sijui walisema nini zaidi, ila nilisikia Mama mkwe akisema kwa ukali, "Usizitupe mbegu! Zihesabu!"

Januari 9

Makapu yamegawanywa. Mlango wa tisa haukurukwa. Mbegu zote zinarudishwa kwetu kwa amri ya Mama mkwe, na anayemeza atajibu.

Januari 30

Nimekwenda siku mbili msituni na Belayong na Baba Jelia kutafuta dume mwingine. Tuliona engkala moja mbali, juu ya kilima cha pili. Haina maua wala tunda wakati huu, hatuwezi kujua. Tumeifunga kitambaa chekundu. Agosti nitarudi na kioo.

Februari 22

Mpunga umeanza kuvunwa. Kurasa zangu zinakaribia kwisha, na Bi Ling alikuja leo kuchukua maelezo. Nimempa nakala yenye miti tu. Hili halimhusu.

Mbegu hamsini na mbili zilipandwa kwenye mifuko ya plastiki nyuma ya jiko. Zimechipua thelathini na moja. Bi Ling alichuchumaa akaziangalia zote, akasema karibu nusu zitakuwa dume.

"Zipi?" aliuliza Mama mkwe.

"Haijulikani, Bibi, mpaka zitoe maua. Miaka mitano, sita, labda zaidi."

Mama mkwe na Babu Nyanggau walikuwa na jembe moja na maoni mawili. Mama mkwe alitaka miche ipandwe karibu na jukwaa, Babu alitaka ukingoni. Yeye alitaka hatua nne kati ya mche na mche, Babu alisema nane, mti si kitunguu. Walibishana mpaka Bi Ling akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia asijali.

"Miaka sita," alisema Mama mkwe hatimaye, akiegemea jembe. "Nitakuwa na themanini na minne. Nitakuwa na shughuli gani siku hizo?"

"Ya kugombana na mimi," alisema Babu Nyanggau, akapima hatua sita, akachukua jembe, akachimba.

Mama mkwe alimwachia achimbe. Nilikwenda kuchota maji ya miche.